Nyumba Iliyokwenda Bila Hodi

Hiki nakutegea wewe unayesoma, na usimtazame jirani yako akusaidie. Maisha yake yote yuko wima na hachoki. Ikaja siku moja akatembea, na siku hiyo hakuwa na mguu wala gurudumu, na mlango wake akaenda nao. Ni nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Castro? Haya, nimekwenda Castro, nimefikia kwa watu wa sokoni, wamenilisha kome na mikate ya viazi mpaka nikalegeza mkanda, nimerudi. Ni nyumba.

Mtu wa kwingine atabisha kwamba nyumba haitembei. Ya kwao haitembei. Ya kwetu visiwani Chiloé ni mbao tupu toka nguzo mpaka vigae, imekalishwa juu ya visiki, na bahari ikiisogelea au mwenyewe akichoshwa na jirani, haibomolewi. Huitwa minga, yaani kazi ya mikono ya wote. Watu huja na maksai wao, nyumba hupandishwa juu ya magogo, hufungwa kamba nene, ikavutwa mpaka inakotakiwa, na huko inakofika ndiko kunakopikwa.

Sheria ya minga haijaandikwa popote, kwa hiyo hakuna wa kuifuta. Anayeita huenda mwenyewe, mlango kwa mlango, kofia mkononi, abishe hodi, aseme, "Nimekuja kukuomba mkono." Hatumi mtoto, hatumi salamu. Asiruke mlango hata mmoja, hata wa adui yake. Na aliyeombwa hakatai. Anaweza kuwa na homa, anaweza kuwa na mazishi kesho yake, atasema, "Nitakuja." Ndivyo tulivyolelewa hapa Aulenmó, na tunajivunia. Ila nikuambie ukweli, watu waliozoea kutokataa husahau pia kuuliza.

Jirani yangu aliitwa Otilia Millalonco. Mimi nililetwa Aulenmó kama bibi harusi kutoka kisiwa kingine, mambo yameshatendeka, kwa hiyo haya ya mwanzo niliyasikia kwa walioshika kamba. Nao walisema wakiwa wamekunywa pombe ya tufaha, maana wakiwa wakavu hakuna aliyefungua mdomo.

Ulikuwa mwaka ule ardhi ilipotikisika na bahari ikapanda. Nyumba za chini kabisa zilikwenda na maji, na ya Gumercindo Oyarzo ilikuwa miongoni mwake. Gumercindo alikuwa kijana mwenye duka na mashua, na viazi vya kijiji kizima vilikwenda sokoni ndani ya mashua ile. Nyumba ya Otilia ilikuwa juu kwenye kilima, haikuguswa. Baba yake, Abelino, aliijenga kwa mbao za alerse, ule mti wetu usiojua kuoza, kisha akafa akiwa ameshaikamilisha. Waliobaki ni Otilia na mama yake. Tetemeko lilimwangushia mama boriti la ghala mguuni, na Otilia akampeleka hospitali Ancud, akakaa naye huko.

Basi nyumba ikawa tupu, na Gumercindo akawa hana nyumba.

Miezi ile, mwanangu, kila mtu alikuwa akivuta. Leo wanapandisha nyumba ya huyu, kesho ya yule, watu mabega yamechubuka, maksai hawajui Jumapili. Gumercindo akapita milangoni na kofia yake mkononi. Akasema maneno yote ya desturi, "Nimekuja kukuomba mkono wa kuvuta nyumba," kisha akafunga mdomo. Hakusema ya nani. Watu wakaitika kama kawaida. Siku ilipofika akawaongoza mpaka kwa kina Millalonco, wakaona nyumba, wakaona magogo tayari, wakajua basi Gumercindo ameshakubaliana na Otilia, maana ni nani duniani angeita minga kwa nyumba isiyokuwa yake? Wakatoa milango na madirisha, wakafunga kamba, wakavuta. Wakafika kwenye kiwanja chake kipya, kilima cha pili, wakala nyama na chaza, wakacheza kwa kodiani mpaka jua likazama.

Mlango mmoja tu hakubisha hodi siku zile za kuomba, nao ndio waliokuwa wakiuvuta.

Otilia alirudi na mama yake, mama kwa magongo. Walipanda kilima wakakuta visiki vimejipanga kama meno, mawe ya jiko katikati, na paka wao amekaa juu ya jiwe la jiko akingoja moto uwashwe. Otilia akashuka kijijini. Hakulia, hakupiga kelele. Alimsimamisha kila mtu akamuuliza swali moja.

"Hukumuuliza nyumba ya nani?"

Wote waliinamisha macho. Akaenda kwa polisi ng'ambo. Polisi wakaja, Gumercindo akawatolea viti kwenye sebule ya Abelino, akawaambia nyumba aliuziwa kwa mdomo na marehemu. Halafu akasema neno ambalo watu walilikumbuka miaka yote: "Wakuu, nyumba ya wizi huvutwa na kijiji kizima mchana kweupe, kwa kodiani?" Polisi wakageuka kuwatazama wanakijiji. Nani angesema? Akisema ni wizi, basi naye ni mwizi, alishika kamba. Na viazi vyake vinangoja mashua. Polisi wakanywa, wakaaga.

Otilia na mama yake wakahamia kwenye ghala la viazi. Paa lilivuja. Mama yule hakuelewa vizuri, au alielewa akakataa kuelewa. Kila jioni alimuuliza binti yake, "Tunakwenda nyumbani lini?" Otilia akimjibu, mvua ikikatika, mama. Na wewe kama hujakaa Chiloé hujui: hapa mvua haikatiki. Mama akafa majira yale ya baridi humohumo ghalani, kitanda kimesogezwa kila pembe kukimbia matone.

Hayo ndiyo niliyoyakuta.

Mimi nilipomjua Otilia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye jozi nzuri ya maksai kuliko zote za upande huu. Bado alikaa ghalani. Alikuwa ameliziba, ameliongezea jiko, lakini ghala ni ghala. Nilikuwa mgeni na sikuwa na adabu ya kutosha, nikamuuliza kwa nini hajengi nyumba. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini hajipandishi tumbili kichwani.

"Ninayo nyumba," akasema. "Iko kule."

Kitu kimoja kilinishangaza zaidi. Hakuna minga aliyoikosa. Kupanda viazi, kuvuna, kupura ngano, kuvuta nyumba, kuvuta boti, kuezeka kanisa, Otilia wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hata Gumercindo mwenyewe alipoita watu wamsaidie kujenga gati, Otilia alikwenda akafanya kazi, hakula. Na yeye hakuita kamwe. Si kwa viazi vyake, si kwa paa lake. Kwetu mkono ni wa kurudishana. Nikikuvutia leo, wewe u wangu kesho. Otilia alitoa tu. Watu walimsihi, ita basi, Otilia, hata shamba tu tukulimie, akasema bado.

Siku moja tukimenya viazi akanitegea. Alijua nina udhaifu huo. Akasema, "Ninalo ghala lisilo na ukuta. Nalijaza kwa jasho, panya hajui njia yake, na siku nikilifungua kijiji kizima kitatoka humo."

Nilihangaika nalo. Nikampa Castro, nikampa Ancud, nikampa hata Santiago, akaikataa miji yote. Ikabidi nilale na kitendawili kama mtu aliyelala na jiwe kwenye godoro.

Miaka ikaenda. Gumercindo akazeeka vizuri, kama wanavyozeeka watu wenye paa zuri. Mke akafa, watoto wakahamia bara, akabaki na nyumba ile na kikohozi. Ndipo makumbusho yakaja.

Yalikuwa huko chini karibu na ghuba, uwanja mkubwa wa nyasi, na serikali na wakubwa wengine walitaka kuweka pale nyumba za mbao za visiwa vyote: kinu, kanisa dogo, nyumba ya juu ya nguzo za majini, banda la mashua, na watu waje waone jinsi babu zetu walivyojenga. Aliyeongoza alikuwa msanifu kutoka bara, Renata Izquierdo, msichana mwenye viatu vya matope na moyo mwema. Alizunguka visiwa akigonga kuta kwa kiungo cha kidole kama daktari anayegonga kifua. Alipoiona nyumba ya kilima, ile ya kina Millalonco, alisimama nje kwenye mvua muda mrefu. Gumercindo akamfungulia mlango.

Mzee akaitoa nyumba bure. Usishangae ukarimu. Alitaka kitu kimoja, ubao wa shaba ukutani: Nyumba ya Ukoo wa Oyarzo. Alikuwa anakwenda kukaa kwa binti yake bara, na hakuwa na mjukuu wa kiume wa kubeba jina. Nyumba ile ingelibeba. Watoto wa shule wangepangwa foleni mbele yake na kulisoma kwa sauti. Alimwambia hivyo mume wangu, Baudilio, kwa machozi, naye Baudilio akaja akaniambia bila machozi.

Renata akasema nyumba isibomolewe, ivutwe kwa minga, televisheni ije. Gumercindo akafurahi kuliko bwana harusi.

Msichana yule alifika pia kwa Otilia, kwa sababu ya maksai. Nilikuwepo. Alikaa kwenye benchi ghalani, akanywa ile chai yetu ya majani iitwayo mate, akaisifu nyumba ya kilima jinsi pembe zake zilivyoshikana bila msumari hata mmoja. Akasema amemuuliza mzee ni fundi gani aliyeijenga na mzee amemjibu kwamba ni mambo ya zamani. Je, Bibi Otilia anajua?

"Muulize aliyekupa," Otilia akasema, akamwongezea maji ya moto.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Msichana alipoondoka nikamvaa shoga yangu. Nikamwambia una wazimu, mtu amekuja na kalamu mkononi, ni wewe tu kufungua mdomo, ubao ungeandikwa Millalonco kesho asubuhi. Nikamwambia na nyumba yenyewe angekurudishia.

"Nirudishiwe nikafanye nini?" akasema. "Nilale chumba alichokoromea yeye? Waichukue. Waweke na kamba mlangoni, watu wasiguse."

"Basi jina la baba yako."

"Jina litaandikwa na yule binti. Ni binti mzuri, ataandika vizuri. Lakini si yeye aliyeruka mlango wangu, Herminda. Ubao ukitoka kwake, Gumercindo atapanda mashua aende zake bara, atasema huko kwamba wanawake walimchongea. Nataka litoke kwenye mdomo uleule. Nataka litoke mbele ya masikio yaleyale." Kisha akachukua kisu akarudi kwenye viazi vyake. "Na ana kikohozi. Nisichelewe."

Niliwaza siku nzima kwamba moyo ule ni mgumu. Halafu nikamfikiria mama akisogezwa pembe kwa pembe, nikaacha kuwaza.

Gumercindo alianza kupita milangoni wiki iliyofuata. Mzee vile, kwa fimbo, kofia mkononi, matope mpaka magotini, nimpe haki yake, hakumtuma mtu. Alifika kwetu akasema maneno, Baudilio akasema, "Nitakuja." Alifika kwa kila mtu. Safari hii alifika na kwa Otilia, maana televisheni ilikuwa njiani na bila maksai wale nyumba isingepanda mteremko wa kanisa. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala naanika nguo, kuta zile unazijua, nikasikia kila kitu.

Alikohoa kwanza. Kisha akasema, "Otilia, nimekuja kukuomba mkono. Wako na wa maksai wako. Wa kuvuta nyumba."

"Nyumba ya nani?" Otilia akauliza.

Mzee akakohoa tena. Nilishika shuka lililolowa mpaka maji yakanichuruzika viwikoni.

"Bado unalo swali hilohilo," mzee akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. Akasema upepo unageuka, akasema ana milango mingine. Otilia hakumzuia.

"Nitakuja," akamwambia mgongoni. "Swali langu utanijibu ukipata nafasi."

Alipokwisha kushuka kilima, Otilia alijifunga kitambaa kichwani, akatoka. Na hapa ndipo kitendawili chake kilipofunguka, nami nikajiita mjinga kwa sauti. Alikwenda mlango kwa mlango. Otilia Millalonco, ambaye hajaomba tangu mama yake azikwe, alibisha hodi. Watu walitoka wakijifuta mikono, wakidhani pana msiba. Lile ghala lisilo na ukuta lilikuwa siku zote alizowafanyia, kila mmoja, na kila mmoja alizijua zake bila kukumbushwa.

Kwetu alikuja jioni tukiwa mezani. Alikataa kiti. Alisimama kwenye kizingiti kama desturi inavyotaka.

"Baudilio. Herminda. Nimekuja kuwaombeni mkono."

"Wa nini, dada?" Baudilio akauliza. Sasa tunajifunza kuuliza.

"Mtakwenda kwa Gumercindo siku yake. Mtashika kamba. Hamtavuta."

Mume wangu alikuwa ndiye anayepiga kelele ya kuvuta, kazi ya baba yake kabla yake. Na siku ile ya kwanza, akiwa kijana wa sharubu za kwanza, alikuwa kwenye kamba. Aliisukuma sahani yake mbali.

"Mpaka lini?"

"Mpaka anijibu."

"Na asipojibu?"

"Basi mtanyeshewa," Otilia akasema. "Mimi nimezoea."

Baudilio akainuka, kwa sababu jibu lile halisemwi umekaa. "Nitakuja," akasema. Otilia alipokwenda, tulimaliza chakula, na kilikuwa kitamu ajabu.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa ile yetu nyembamba isiyo na haraka. Nyumba ilikuwa tayari juu ya magogo, milango na madirisha yametolewa, bendera juu ya paa, kamba mbili nene zimenyooshwa mbele kwenye nyasi. Chini kule uwanjani kwa makumbusho wanawake tulishafukia shimo la chakula, kome, chaza, nyama, viazi, juu majani mapana na udongo, moshi unatoka taratibu. Kisha tukapanda kilimani kuangalia. Wakubwa wa bara walikuja na buti mpya. Watu wa televisheni walifunika kamera yao kwa mfuko wa plastiki. Gumercindo alikaa kwenye kiti mbele, poncho mpya ya sufu begani, mwavuli umeshikwa juu yake, na kwa shingo yake ilivyonyooka ungedhani anasimikwa uaskofu.

Kijiji kizima kilikuwepo. Kila mtu alishika kamba. Otilia alikuwa mbele kabisa na maksai wake, fimbo mkononi.

Renata akasema maneno machache ya shukrani. Gumercindo akainua mkono. Baudilio akavuta pumzi, akapiga ile kelele yake inayosikika mpaka kisiwa cha pili.

Hakuna kilichosogea.

Kamba ililala kwenye nyasi kama nyoka aliyeshiba. Watu waliishika kwa mikono miwili, kwa heshima, kama wanavyoshika mshumaa kanisani, wakitazama mbele. Wenye maksai walisimama kando ya maksai wao wakiwafukuzia inzi ambao siku ya mvua hawapo.

"Baudilio," Gumercindo akasema, "umesahau kazi ya baba yako?"

"Nimepiga kelele, mzee. Wewe mwenyewe umenisikia."

"Piga tena."

Akapiga tena, vizuri kuliko mwanzo. Nilijivunia. Mtoto mmoja akacheka akafinywa. Mwenye kamera aliishusha, akaitazama kama yeye ndiye mwenye kosa, akainyanyua tena.

Gumercindo aliinuka. Akaanza kuifuata kamba mtu kwa mtu, fimbo inazama kwenye matope, kikohozi kinamtangulia. Akasimama mbele ya mmoja, akamuuliza, sikuja kwako? Akajibiwa, ulikuja, mzee, nami nimekuja, na kamba hii hapa. Akasimama mbele ya wa pili, majibu yaleyale. Wa tatu alikuwa mzee mwenzake, walibatizwa siku moja. Huyo alimjibu bila kumtazama.

"Nimekuja kwa ombi lako, Gumercindo. Nimesimama kwa ombi la mwingine. Yote mawili nimeyatimiza."

Mzee aligeuka kutazama mbele. Watu wote kwenye kamba walikuwa wakitazama hukohuko. Nadhani alikuwa amekwishajua tangu kelele ya kwanza.

Alijaribu mengine kabla, usidhani mtu huanguka mara moja. Aliwatania, akawakumbusha mashua, nani alibeba viazi vyenu miaka yote ile. Hakuna aliyebisha, ni kweli alivibeba. Akawatukana kidogo, akaomba radhi kwa wakubwa kwa kutukana. Mkubwa mmoja mwenye buti mpya alininong'oneza, chakula kitatolewa saa ngapi, maana harufu ya kome ilikuwa inapanda kilima. Nikamwambia, bwana, kwetu chakula hufuata nyumba.

Renata alikwenda mbele akasimama karibu na Otilia. Alikuwa ameshaelewa, au ameelewa nusu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ubao haujapigiliwa, kwamba kama kuna jambo ambalo makumbusho yanapaswa kulijua, aambiwe tu, atalishughulikia.

"Ngoja, binti yangu," Otilia akamwambia. "Si wewe unayeulizwa."

Ndipo Gumercindo akaja. Safari ile kutoka kwenye kamba mpaka kwa maksai si ndefu, lakini aliichukulia muda wake wote. Renata alimwendea na mwavuli, akamnyooshea juu ya kichwa.

"Mwondolee," Otilia akasema. "Mvua hii mama yangu anaijua."

Msichana akasita, kisha akaushusha mwavuli. Maji yakaanza kumshuka mzee kwenye sharubu. Nilimwonea huruma, nisikudanganye. Nikamtazama Otilia kama naye ana hata tone. Hakuwa nalo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekaa kwake.

Akamuuliza, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumuuliza mtu bei ya chumvi.

"Nyumba ya nani?"

"Ya makumbusho," Gumercindo akasema.

Otilia akamkuna maksai wake mmoja nyuma ya sikio. Akangoja.

"Ya Abelino, basi. Abelino aliijenga. Nani asiyejua?"

"Baba alikuwa kaburini. Maiti hapigiwi hodi. Siku ile ulipopita na kofia yako, nyumba ilikuwa ya nani?"

Mzee akaitazama nyumba. Haikuwa na milango, ungeona mpaka ndani, mpaka ukuta wa jiko, mpaka upande wa pili bahari. Akawatazama watu wa kamba. Nao safari hii hawakuinamisha macho. Akasema kitu mdomoni mwake, na mimi niliyekuwa karibu nilisikia kikohozi tu.

"Wa mwisho wa kamba hawajasikia," Otilia akasema.

Gumercindo Oyarzo alivua kofia. Aliishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, kama inavyoshikwa mlangoni, akageuka kwa watu, na mvua ikampiga kipara.

"Ya Otilia," akasema, kwa nguvu yote aliyokuwa nayo. "Ya Otilia na mama yake. Nilikuja kwenu nyote, kwao sikubisha hodi."